Je, Muuza Mikeka Astahili Ada Yake?

Wasomaji wetu, wazazi na walimu, iko biashara moja iliyoingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi, maana huingia kwa njia ya simu. Si kamari ya mpira yenyewe, hiyo twaijua. Ni biashara ya kuuza maneno juu ya kamari. Mtu hufungua kundi katika WhatsApp au Telegram, hutangaza ya kwamba anao ujuzi wa kutabiri michezo, kisha huwatoza watu ada ya kila juma au ya kila mwezi, ili awapelekee orodha ya timu zitakazoshinda. Orodha hiyo vijana huiita mkeka, na timu moja ikikosea husema mkeka umechanika. Wako vijana waliomaliza shule, na wako hata watu wenye mshahara, walipao ada hiyo kabla ya karo ya mtoto. Kwa hiyo twaona yafaa tuipime biashara hii kwa mizani, kama mtu apimavyo pamba yake sokoni, tuione hesabu yake kabla ya kuihukumu.

Biashara hii si mpya. Katika viwanja vya mbio za farasi vya Uingereza, zamani za babu zetu, alikuwako mtu mashuhuri aliyejiita Ras Prince Monolulu. Alivaa manyoya ya mbuni kichwani, akasema ya kuwa yeye ni mkuu wa kabila katika nchi ya Uhabeshi. Kumbe jina lake lilikuwa Peter Mackay, naye alizaliwa katika kisiwa cha St. Croix, bahari ya Karibi. Kazi yake ilikuwa kuuza jina la farasi ndani ya bahasha. Mwaka 1920 farasi aitwaye Spion Kop alishinda mbio za Derby, naye Monolulu akapata fedha nyingi na sifa kubwa. Sifa ya siku ile moja ilimfuata hata alipokufa mwaka 1965. Farasi aliyeshinda alikumbukwa. Bahasha zilizokosea hazikuwa na mwandishi wa kuzihesabu. Muuza mikeka wa leo hana manyoya ya mbuni, lakini njia yake ni ile ile.

Mtu atajibu, “Lakini huyu wangu nimemwona kwa macho yangu. Ametabiri sawasawa mara nne mfululizo.” Basi na asikie habari hii. Mwaka 2008 Derren Brown, fundi wa kiini macho wa Uingereza, alionyesha katika televisheni jambo la ajabu. Mwanamke mmoja alipelekewa jina la farasi atakayeshinda, akashinda. Akapelekewa tena, akashinda tena. Hata mara tano mfululizo. Yule mama aliamini ya kwamba upo mfumo wa kweli. Kisha Brown alifunua siri yake. Alianza na watu 7,776, akawagawanya mafungu sita, kila fungu akalipa farasi wake katika mbio za farasi sita. Fungu moja halikuwa na budi kushinda, yaani watu 1,296. Hao nao akawagawanya sita, wakabaki 216, kisha 36, kisha 6, kisha mmoja. Huyo mmoja aliona muujiza. Wale 7,775 hawakuonyeshwa muujiza wowote.

Katika mpira kazi hii ni nyepesi zaidi, maana mchezo una njia tatu tu: kushinda, kushindwa, au kutoka sare. Mtu mwenye namba za simu 729 akiwagawanya watu mafungu matatu kila juma, baada ya majuma manne atakuwa na watu tisa ambao hawajaona kosa lake hata moja. Hao tisa ndio atakaowaomba ada, nao watalipa kwa moyo mkunjufu. Mwingine hana haja hata ya kugawanya watu. Huandika utabiri mwingi, kisha mchezo ukiisha hufuta uliokosea na kuuacha uliopatia. Mgeni afikapo katika kundi lake hukuta ushindi mtupu, kama shamba lisilo na gugu. Kwa hiyo sifa anazojiandikia muuzaji mwenyewe si ushahidi.

Sasa tuitazame hesabu ya kampuni ya kamari. Kila mchezo huandikiwa namba iitwayo odi. Odi ikiwa 1.90, mtu aliyeweka dau la shilingi 1,000 akishinda hupewa shilingi 1,900, dau lake likiwamo. Tuseme ameweka mara 100, naye ameshinda nusu kamili, yaani mara 50. Ametoa shilingi 100,000, amepokea 95,000. Amepatia nusu, walakini amepoteza 5,000. Ili asipate hasara hana budi kushinda mara 53 katika 100. Ule upungufu ndio riziki ya kampuni. Na mkeka ukiwa mrefu upungufu huongezeka, maana kila mchezo unaoongezwa hukatwa tena. Kampuni ikikata 5 katika 100 kwa kila mchezo, mkeka wa michezo mitano humkata mtu yapata 23 katika 100, na wa michezo kumi yapata 40. Ndiyo maana mikeka mirefu hutangazwa kwa tarumbeta.

Juu ya hayo iko ada. Tuseme mtu huweka dau la shilingi 2,000 kila siku, yaani 60,000 kwa mwezi, naye humlipa mtabiri ada ya 20,000. Tuseme tena, kwa kumpendelea, ya kwamba mtabiri huyu ni hodari kweli, hata faida yake ni 5 katika 100, jambo ambalo ni adimu sana. Faida ya mwezi ni shilingi 3,000. Ukiondoa ada, mtu wetu amepoteza 17,000, hali amefuata shauri la fundi wa kweli! Ili ada peke yake irudi, yampasa aweke dau la 400,000 kila mwezi. Nani kati yetu anazo fedha za namna hiyo za kuchezea? Hesabu hii yatosha kumzuia mtu wa kipato kidogo, hata kabla hajauliza kama mtabiri ni mkweli.

Zipo na hila nyingine zifaazo kujulikana. Ya kwanza, muuzaji husema, “Napatia mara 80 katika 100,” wala hataji odi. Mara 80 kwa odi ya 1.20 ni kutoa 100,000 na kupokea 96,000. Ya pili, hujihesabia odi ya asubuhi, nayo ilikuwa 2.10, lakini wafuasi wake hupata habari jioni odi ikiwa imeshuka hata 1.90. Kwa ushindi wa nusu kwa nusu, daftari lake laonyesha faida, na mifuko yao yaonyesha hasara. Ya tatu, humwambia aliyeshindwa aongeze dau maradufu, mpaka ashinde. Mtu akianza na shilingi 1,000 akashindwa mara saba, ameteketeza shilingi 127,000, na mara ya nane yampasa kuweka 128,000, ili apate faida ya 1,000 tu.

Hila mbaya kupita zote ni ile ya kuuza “mechi zilizopangwa.” Ni kweli kwamba michezo imepata kuuzwa. Mwaka 1965 wachezaji Peter Swan, Tony Kay na David Layne walifungwa miezi minne kila mmoja huko Uingereza, kwa ajili ya mchezo wa Desemba 1962, ambao timu yao ya Sheffield Wednesday ilishindwa na Ipswich Town, nao walikuwa wameweka dau ya kwamba itashindwa. Lakini fikirini: jambo liletalo kifungo hufanywa gizani. Mwenye siri ya namna hiyo hawezi kuitangaza kwa watu elfu asiowajua, kwa ada ya shilingi chache. Auzaye siri sokoni hana siri.

Je, hakuna hata mmoja mwenye ujuzi? Wako wachache. Tony Bloom, mwenyekiti wa timu ya Brighton tangu mwaka 2009, alijulikana kwa kamari ya hesabu, na kampuni yake ya Starlizard ya London huajiri wataalamu wengi wa takwimu. Lakini watu wa namna hii hawapigi mbiu njiani. Tena kampuni nyingi za kamari huko Uingereza, zikimwona mtu ashindaye sana, humpunguzia kiasi cha dau. Basi mjuzi wa kweli huificha elimu yake. Wahenga walisema, “Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.” Na yafaa mjue pia ya kwamba wako watabiri walipwao na kampuni za kamari kwa kila mteja wanayemleta, na mapatano mengine huwapa fungu la fedha alizopoteza mteja yule. Mtabiri wa jinsi hiyo hula ukishindwa, wala halii pamoja nawe.

Ikiwa yuko nyumbani mwenu kijana asiyesadiki haya, msigombane naye. Mpeni daftari. Na aandike kila utabiri kabla mchezo haujaanza, pamoja na odi aionayo yeye mwenyewe saa ile, wala asilipe hata senti. Mwisho wa kila juma na ajumlishe, akitoa na ada. Naye asifanye haraka, maana bahati hudanganya. Watu 100 wakirusha sarafu mara 100 kila mmoja, yapata watu 18 watapata upande walioutaka mara 55 au zaidi, bila ujuzi wowote. Lakini katika kurusha mara 1,000, atakayepata mara 550 hafiki hata mmoja katika watu 1,000. Basi daftari la utabiri 1,000 lasema kweli. Kwa utabiri wa mara tatu kila siku, ni kazi ya karibu mwaka mzima. Muuzaji akataaye kupimwa hivyo, na kusema, “Lipa leo, nafasi zinakwisha,” amekwisha kujipima mwenyewe.

Kwa aliyekwisha kuanza, iko njia ya pili. Mume na mke na waketi pamoja, waombe taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu, waandike safu mbili: fedha zilizokwenda kwenye kamari na kwa mtabiri, na fedha zilizorudi. Moyo hukumbuka ushindi na kusahau hasara, taarifa haisahau. Wakiona mikopo ya simu imechukuliwa ili kufidia hasara ya jana, au ujumbe umefutwa ili mwenzi asiuone, hapo hapana tena habari ya mchezo, bali ya ugonjwa, na mgonjwa hutafutiwa msaada, hatukanwi.

Nanyi walimu, kumbukeni ya kwamba sheria za Kenya na Tanzania zamkataza kamari mtu aliye chini ya miaka 18, na ya Uganda yamkataza aliye chini ya miaka 25. Hesabu hizi za odi na ada zaweza kufanywa ubaoni katika somo la asilimia, na mtoto azifanyaye kwa mkono wake mwenyewe atazikumbuka siku atakapopewa simu. Shilingi 20,000 za ada kila mwezi ni 240,000 kwa mwaka. Kila nyumba na ijiulize fedha hizo zingenunua nini: madaftari, mabati, mbuzi, au dawa. Kisha na ichague.