Kiazi na Nyanya ni Ndugu

Bwana mkulima, ukipata safari ya Nairobi, pita Mowlem, upande wa mashariki wa mji, jirani na Umoja. Simama mbele ya kibanda cha mama mboga, utazame jinsi anavyoyapanga mazao yako.

Gunia ulilolijaza huko Kinangop au Ol Kalou, yeye hulimwaga na kuchagua. Viazi vikubwa visivyo na mashimo huviweka kando kwa wakaanga chipsi, kwa maana kiazi kikubwa hakipotezi nyama nyingi kikimenywa. Vya kadiri huvipanga mafungu kwa wapishi wa mchuzi na mukimo. Vidogo huuzwa kwa bei ya chini. Vilivyokatwa na jembe ni vya kuuzwa upesi, visije vikaoza. Vilivyogeuka kijani kwa kupigwa na jua havifai kuliwa, kwa maana vina sumu. Basi fahamu: usipochagua wewe shambani, atachagua mwingine mjini, na ujira wake utatoka katika bei yako.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Kibandani, waru na viazi vitamu hukaa pamoja, kwa sababu vyote huitwa viazi. Nyanya, hoho na biringanya hukaa mahali pengine. Kwa mpishi, mpango huo ni sawa. Kwa shamba lako, sivyo.

Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alitoa kitabu cha kupanga mimea yote aliyoijua. Hakutazama chungu cha mpishi, alitazama maua. Akaweka waru, nyanya na biringanya katika jamii moja, na kiazi kitamu akakitenga. Nawe waweza kuhakikisha. Chuma ua la waru na ua la nyanya, uyaweke kiganjani. Utaona ni watoto wa nyumba moja. Ua la kiazi kitamu lina umbo la tarumbeta.

Yafaa nini kujua haya? Yafaa sana, kwa kuwa ugonjwa wa mnyauko haujali majina yetu; hufuata ukoo. Ukishambulia waru, hushambulia pia nyanya, biringanya na hoho. Hukaa udongoni, tena husafiri ndani ya mbegu, na hakuna dawa ya kuuponya. Mkulima aondoaye waru na kupanda nyanya hudhani amebadilisha mazao, kumbe ameulisha ugonjwa ule ule.

Ukiona mmea umenyauka na majani yangali kijani, kata shina, ulitie katika gilasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, huo ndio mnyauko. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake na udongo wa shinani, uutoe shambani. Usiutupe mtoni wala katika mbolea. Safisha jembe na viatu.

Kisha panda mazao ya ukoo mwingine, kama mahindi, ngano, kabeji au vitunguu, misimu kadhaa kabla ya kurudisha waru. Ukirudisha, nunua mbegu iliyokaguliwa na KEPHIS.

Kwa hiyo, bwana mkulima, uwe na mipango miwili. Wakati wa kuuza, panga kama mama mboga wa Mowlem. Wakati wa kupanda, panga kwa ukoo. Leo jioni tembea shambani, ukumbuke kila kipande kilikuwa na nini misimu mitatu iliyopita, ukaandike katika daftari.