Leseni na Bei ya Mfumo wa Kompyuta: Ni Kitu Gani Kinachouzwa?

Mtu akiingia dukani kununua jembe, haulizwi yeye ni nani, wala ana jembe gani la zamani nyumbani kwake, wala atalima shamba lipi. Hulipa bei, na jembe likawa lake. Akipenda ataliazimisha, ataliuza, au atawaachia watoto wake. Mfumo wa kuendeshea kompyuta hauuzwi kwa namna hiyo. Mnunuzi huulizwa mambo hayo yote, na kwa kila jibu bei hugeuka. Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi bei hizo zinavyopangwa, na kuonyesha kwamba neno "kununua", ambalo twalitumia kila siku katika jambo hili, lasitiri hali halisi ya mapatano. Jambo lenyewe si la wafanya biashara peke yao. Mwenye kufasiri mkataba wa leseni kwa Kiswahili, na mwenye kutunga kamusi ya istilahi, wote wawili wamo. Kwa maana msomaji aliyeambiwa kwamba amenunua atadhani anazo haki ambazo kwa kweli hakupewa.

Mfano nitakaoutumia ni Windows 7, mfumo wa kampuni ya Microsoft ya Marekani, uliotolewa madukani tarehe 22 Oktoba, 2009. Nimeuchagua kwa sababu habari zake zimekwisha timia, na twaweza kuzitazama tangu mwanzo hata mwisho.

Madaraja na bei zake

Mfumo wa kuendeshea ni programu ya msingi ambayo programu nyingine zote huitegemea. Ndio unaogawa kumbukumbu ya mashine, unaotunza mafaili, na unaopokea amri za mtumiaji. Windows 7 ilitengenezwa kwa namna sita: Starter, Home Basic, Home Premium, Professional, Ultimate na Enterprise. Waandishi wengi wa Kiswahili huziita namna hizi "matoleo". Kwa maoni yangu neno hilo halifai hapa, kwa kuwa Windows 7 yenyewe ni toleo, iliyofuata toleo la Vista na kutangulia toleo la 8. Afadhali tuseme "madaraja", kama tunavyosema kwa garimoshi: msafiri wa daraja la kwanza na wa daraja la tatu huvutwa na injini moja na hufika stesheni saa moja, tofauti yao ni tikiti na kiti.

Mfano huo wa garimoshi ni wa kweli kuliko unavyoweza kudhaniwa. Diski iliyouzwa dukani ilikuwa na madaraja kadha wa kadha ndani yake, si lile moja tu lililoandikwa juu ya sanduku. Kilichoamua ni daraja lipi litakalofunguka ni ufunguo, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu 25. Mwenye Home Premium aliyetaka kupanda hata Professional hakuhitaji kuletewa kitu kingine cho chote: huko Marekani alilipa dola 89.99, akapewa ufunguo mpya, na baada ya dakika chache mashine yake ikawa ya daraja la juu. Mwenye Starter alilipa dola 79.99 kufikia Home Premium.

Bei za dukani huko Marekani zilikuwa hivi: Home Premium dola 199.99, Professional dola 299.99, na Ultimate dola 319.99. Madaraja matatu mengine hayakuwekwa katika maduka hayo. Starter ilikuja pamoja na kompyuta ndogo za bei rahisi. Haikutumia kumbukumbu iliyozidi gigabaiti 2, wala mtumiaji hakuweza hata kubadili picha iliyo nyuma ya dirisha. Home Basic ilikusudiwa nchi ambazo masoko yake yalikuwa bado yanakua. Enterprise ilitolewa kwa mashirika makubwa tu, kwa mkataba wa jumla.

Aina za leseni

Juu ya mpango huu wa madaraja ulikuwapo mpango wa pili, nao ni wa leseni. Hapa bei haikufuata kitu kinachotolewa, bali ilifuata hali ya anayekipokea.

Kwanza, palikuwa na leseni kamili, ambayo ndiyo yenye bei zilizotajwa hapo juu. Mwenye leseni hii aliweza kuihamisha kutoka mashine moja kwenda nyingine, mradi aiondoe katika ile ya kwanza.

Pili, palikuwa na leseni ya kupandia, kwa mtu ambaye tayari alikuwa na leseni ya Windows XP au Vista. Huyu alilipa dola 119.99 kwa Home Premium, 199.99 kwa Professional, na 219.99 kwa Ultimate. Walioagiza mapema, tangu tarehe 26 Juni hata 11 Julai, 2009, walilipa dola 49.99 tu kwa Home Premium.

Tatu, palikuwa na leseni ya jamaa: dola 149.99 kwa kompyuta tatu za nyumba moja. Wanafunzi wa vyuo nao, kwa muda, waliuziwa kwa dola 29.99.

Nne, na hii ndiyo iliyowafikia watu wengi, ni leseni iliyokuja pamoja na mashine mpya. Bei yake haikuonekana, kwa kuwa ilichanganywa na bei ya kompyuta. Leseni hii ilifungamana na mashine ile ya kwanza. Mashine ikifa, nayo imekufa. Ndiyo maana shule iliyopewa kompyuta kuukuu haina budi kuuliza maswali mawili: kama mashine zafanya kazi, na kama leseni zake zimekuja pamoja nazo.

Tano ni mkataba wa jumla wa mashirika, ambao mashirika huulipia kwa muda uliopatanwa, na kwa huo hupata pia haki ya matoleo yatakayotoka ndani ya muda ule.

Msomaji ataona kwamba mtu mmoja aliweza kutoa dola 199.99 na mwenzake dola 49.99, na wote wawili wakapata mfumo ule ule, herufi kwa herufi. Sababu yake si fumbo. Gharama ya kutengeneza mfumo wa kwanza ni kubwa mno, na gharama ya kunakili wa pili ni kama hakuna. Kwa hiyo bei haiwezi kupimwa kwa gharama ya nakala. Hupimwa kwa kiasi ambacho kila kundi la watu litakubali kutoa. Na ili kundi moja lisiuzie jingine, lazima leseni iweke mipaka. Bei na leseni, basi, si mambo mawili: leseni ni ukuta unaozitenga bei zisikutane.

Bei ya lugha

Wataalamu wa lugha watapenda kujua kwamba hata lugha ilikuwa na daraja lake. Aliyetaka kubadili mfumo mzima uwe wa Kifaransa au Kijapani kwa kutumia mkusanyo kamili wa lugha alipaswa kuwa na Ultimate au Enterprise. Lugha nyingine, Kiswahili kikiwamo, zilitolewa kwa njia ya mkusanyo mdogo uliofasiri sehemu zinazoonekana zaidi, ukiwekwa juu ya lugha ya msingi. Mkusanyo huo ulitolewa bila malipo, nao uliwekwa katika daraja lo lote. Hivyo Kiswahili kilipatikana kwa urahisi zaidi kuliko Kifaransa, lakini kilipatikana nusu: mtumiaji aliyeingia ndani zaidi alikutana na Kiingereza. Katika Windows 8 ya mwaka 2012 mpaka huo uliondolewa kwa sehemu kubwa, isipokuwa katika daraja lililofungiwa lugha moja.

Kununua, kukodi, au kuruhusiwa?

Sasa turejee kwenye neno letu. Mkataba wenyewe wa Windows 7 wasema wazi kwamba programu imetolewa kwa leseni, haikuuzwa. Lakini risiti ya dukani yasema imeuzwa. Ni ipi iliyo kweli?

Mahakama zimetofautiana. Katika kesi ya Vernor na Autodesk, iliyohusu programu ya uchoraji, mahakama ya rufani ya Marekani ya eneo la tisa iliamua mwaka 2010 kwamba aliyepokea programu kwa leseni yenye vizuizi vya namna ile si mmiliki wa nakala, na kwa hiyo hana haki ya kuiuza. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle ya mwaka 2012, iliamua kinyume: aliyelipa fedha akapewa haki ya kutumia nakala bila kikomo cha muda, huyo ameuziwa, nayo leseni yake aweza kumwuzia mwingine, mradi nakala yake mwenyewe isitumike tena.

Kiswahili hakikosi maneno ya kusema jambo hili kwa usahihi. Watu wa pwani wamezoea tangu zamani kutenga kitu na manufaa yake. Mombasa mtu aweza kumiliki nyumba juu ya ardhi isiyo yake, akalipa kodi ya ardhi. Unguja na Pemba mikarafuu yaweza kuwa ya huyu na shamba la yule. Sheria ya Kiislamu nayo hupambanua baina ya mauzo, ambayo huhamisha milki ya kitu, na ijara, ambayo huhamisha manufaa kwa muda uliojulikana. Leseni ya mfumo wa kompyuta haimo kamili katika fungu lo lote kati ya haya. Ile ya mashirika, yenye muda, yakaribia ijara. Ile kamili ya dukani haina muda, tena yaweza kuhamishwa, yakaribia mauzo. Ile ya mashine mpya ni kama haki ya kuvuna mkarafuu mmoja: hudumu maadamu mti umesimama.

Pia tusichanganye "bure" na "huru". Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, tangu mwaka 1992 watolewa kwa leseni ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuutumia, kuubadili na kuugawa, kwa sharti kwamba anayeugawa atoe na maandishi ya asili ya programu. Mtu aweza kuuuza kwa fedha, nao ukabaki huru. Kinyume chake, mkusanyo wa Kiswahili wa Windows ulikuwa wa bure wala haukuwa huru. Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo haya mawili, na waandishi wake hupata taabu kueleza. Sisi tunayo mawili, na ni hasara kuyatumia kama moja.

Napendekeza, basi, kwamba katika tafsiri zetu tuseme "kupata leseni" badala ya "kununua mfumo". Tutumie "daraja" kwa namna za toleo moja. Na kila leseni itajwe pamoja na mpaka wake: leseni ya kudumu, ya muda, ya kupandia, au ya kufungamana na mashine. Faida yake ilionekana tarehe 14 Januari, 2020, Microsoft ilipoacha kuisahihisha Windows 7 kwa watu wote. Mashirika yaliyotaka kuendelea kulindwa yalilipia kila mashine, kwa bei iliyopanda mwaka hata mwaka, hadi Januari 2023. Leseni za waliobaki zilikuwa bado ni halali, lakini ulinzi haukuwamo ndani yake. Aliyedhani amenunua jembe alishangaa; aliyesoma mkataba wake katika lugha anayoielewa alikuwa amekwisha jiandaa.