Je, Wajua Betri ya Gari ni Seli za Aina Mbili?

Dereva wa daladala anapopiga stata, betri iliyo chini ya boneti ni seli ya galvani. Injini ikishanguruma, betri ileile hugeuka seli ya elektrolisi. Wanafunzi wengi wa kemia huchorewa seli hizi kama vyombo viwili visivyohusiana, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Betri ya risasi na tindikali, aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, inafundisha somo hili vizuri kuliko mchoro wowote.

Ndani yake mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na kitu. Kila chumba kina mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi, yote yamezama katika tindikali ya salfuriki. Stata ikipigwa, risasi hupoteza elektroni. Hizo hupita kwenye nyaya, huzungusha mota ya stata, kisha huingia kwenye oksidi. Mabamba ya pande zote mbili hujipaka salfeti ya risasi, na tindikali hupungua ukali. Mmenyuko huu hauhitaji kusukumwa, kama maji yanavyoteremka mlima. Kemikali ndiyo inayozaa umeme, na hiyo ndiyo seli ya galvani.

Injini ikiwaka, alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, hushika zamu. Hutoa takribani volti 14, zaidi ya zile za betri, na kuzilazimisha elektroni zirudi zilikotoka. Salfeti huvunjika, risasi na oksidi zikarejea mahali pake. Sasa umeme ndio unaolazimisha mmenyuko ambao peke yake usingetokea, na hiyo ndiyo seli ya elektrolisi. Kwa kulazimisha namna hiyo, Humphry Davy alizipata potasiamu na sodiamu mwaka 1807, metali ambazo moto wa tanuri ulikuwa umeshindwa kuzitenga.

Kinachowasumbua wengi ni anodi. Anodi ni elektrodi ambako elektroni hupotezwa, basi. Katika seli ya galvani huwa hasi, katika elektrolisi huwa chanya. Litazame bamba la risasi: ni hasi wakati wote, lakini ni anodi betri inapotoa umeme na kathodi, yaani elektrodi inayopokea elektroni, inapochajiwa. Anayekariri alama peke yake lazima atapotea kwenye mtihani.

Chaji ikizidi na salfeti ikaisha, umeme huanza kuyavunja maji yenyewe kuwa haidrojeni na oksijeni, jambo ambalo William Nicholson na Anthony Carlisle walilionyesha Uingereza mwaka 1800. Ndiyo maana betri zenye vifuniko hupungukiwa maji. Ongeza maji yaliyokenekwa, si tindikali, kwa kuwa tindikali haikutoka. Na kwa kuwa haidrojeni hulipuka, usiwashe kiberiti wala sigara karibu na betri inayochajiwa.