Meli zilipokosa kufika: bustani za vita Uingereza



Barabara ikifungwa, soko linakauka. Jambo hilo si letu peke yetu. Mwaka 1939, vita ilipoanza Ulaya, Waingereza walikuwa wakinunua sehemu kubwa ya chakula chao ng'ambo. Kiisha manowari za Wajerumani zikaanza kuzamisha meli. Toka Januari 1940, sukari na siagi zikagawiwa kwa kipimo.

Serikali ikaambia raia: limeni kila mahali. Wazee, wamama na watoto wa masomo wakashika majembe. Maua yakang'olewa, mboga ikapandwa. Viwanja vidogo vya kukodi, kimoja karibu metre 250 za mraba, vikaongezeka kutoka karibu 800,000 mpaka karibu 1,400,000.

Tuangalie kitunguu. Mbele ya vita, vingi vilitoka Ufaransa na visiwa vya jirani. Wajerumani walipokamata huko mwaka 1940, kitunguu kikawa haba sana, watu wakakichezea bahati nasibu! Ndipo raia wakaanza kujipandia vyao.

Lakini kulima tu hakutoshi. Ukipanda vyote mara moja, wakati wa joto mboga inaoza, wakati wa baridi sufuria iko tupu. Kwa hiyo Wizara ya Kilimo ilitoa karatasi yenye mpango: gawanya bustani mara tatu. Upande mmoja maharagi, njegere na vitunguu. Wa pili viazi na karoti. Wa tatu shu na mboga zingine za kula wakati wa baridi. Kila mwaka zinabadilishana nafasi, udongo usichoke na magonjwa yasizoee.

Bustani hizo hazikuleta ngano. Mkate uliendelea kutegemea mashamba makubwa na meli. Lakini mboga ilitoka nyuma ya nyumba.

Na sisi, kama shamba la mbali halifikiki, parseli iko. Usimwage mbegu zote siku moja. Panda lengalenga leo, ingine kiisha juma mbili. Weka shu kwenye kitalu mbele zile za kwanza hazijaisha.

Kwenye mkutano ujao, koperative ijiulize: barabara ikifungwa kesho, kitu gani kitakosekana kwanza ndani ya sufuria? Hicho ndicho tuanze kupanda sasa.