Uvimbe wa utando wa moyo

Uvimbe wa utando wa moyo (pia: perikaditisi) ni ugonjwa wa mfuko wenye tabaka mbili unaouzunguka moyo. Kwa kawaida kati ya tabaka hizo kuna maji kidogo, mililita 15 hadi 50, yanayozuia msuguano. Utando ukivimba, mgonjwa huhisi maumivu makali ya kifua yanayozidi akilala chali na kupungua akiketi na kuinama mbele. Maji yakijaa na kuubana moyo, damu haiingii ya kutosha, na mtu anaweza kufa upesi yasipotolewa kwa sindano.

Nchini Ufini, utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba watu 3.3 hivi katika kila 100,000 hulazwa kwa ugonjwa huu kila mwaka. Huko Ulaya mara nyingi unatokana na virusi na hupona. Katika Afrika kusini kwa Sahara chanzo kikuu ni kifua kikuu, na UKIMWI uliongeza wagonjwa kuanzia miaka ya 1980.

== Kibondo na Kasulu ==

Wilaya hizi ziko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, mpakani kwa Burundi. Pamoja na Waha wanaishi wakimbizi: kambi ya Nyarugusu (Kasulu) ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo, na Nduta (Kibondo) ilipokea Warundi kuanzia 2015. Msongamano wa namna hiyo hurahisisha kuenea kwa kifua kikuu.

Takwimu za kulazwa, zinazokusanywa kupitia MTUHA, zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mgonjwa mwenye miguu iliyovimba, tumbo lililojaa maji na pumzi fupi huandikwa kwa urahisi kuwa na moyo kushindwa kufanya kazi, kama hakuna kipimo cha ultrasaundi ya moyo. Mwingine huhesabiwa chini ya kifua kikuu tu. Hivyo hospitali ikipata mashine na mtu anayejua kuitumia, idadi hupanda hata kama ugonjwa wenyewe haujaongezeka. Wala si suala la makaratasi peke yake: dawa za kukojoza, zinazomfaa mwenye moyo dhaifu, zinaweza kumzidishia hatari yule ambaye moyo wake umebanwa na maji.

== Tiba ==

Ukitokana na kifua kikuu, hutibiwa kwa dawa zilezile za miezi 6, nne kati yake zikitumika pamoja miezi 2 ya kwanza. Utafiti wa wagonjwa 1,400 katika nchi 8 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulionyesha mwaka 2014 kwamba kuongeza prednisoloni hakupunguzi vifo. Ilipunguza kukakamaa kwa utando, lakini wenye VVU walipata saratani zaidi.

Utando uliokwisha kukakamaa mara nyingi huhitaji kuondolewa kwa upasuaji. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, upande wa pili wa nchi.