Gharama ya Mche wa Mapambo

Kandokando ya barabara nyingi za Dar es Salaam mpita njia huona vitalu vya miche ya mapambo: miashoki, mikrismasi, bogenvilia na maua ya kila rangi. Mche mdogo wa mwashoki ulio katika kiriba huuzwa kwa bei nafuu, lakini ule uliofikia kimo cha mtu huuzwa kwa bei iliyo kubwa mara nyingi zaidi. Wanunuzi hunung'unika kwamba muuzaji ana tamaa, kwani mbegu ni ile ile, na jua halilipiwi. Je, manung'uniko hayo ni ya haki? Katika makala haya tutaonyesha kwamba mwenye kitalu hauzi mbegu, bali huuza nafasi na wakati.

Nafasi

Tuseme kila kiriba kimewekwa katika mraba wenye upande wa sentimita 10. Mita moja ya mraba itachukua viriba 100. Miche ikikua, majani yake hutiliana kivuli. Isipotenganishwa, yote hurefuka kwa kugombea mwanga, ikawa myembamba na dhaifu. Kwa hiyo huhamishiwa katika vyombo vikubwa, kila kimoja katika mraba wenye upande wa sentimita 20. Sasa mita ile ile ya mraba huchukua miche 25 tu. Upande umeongezeka mara 2, lakini eneo limeongezeka mara 4. Na ikiwa kina cha chombo nacho kimeongezeka mara 2, udongo na samadi vitakavyohitajika vimeongezeka mara 8.

Wakati

Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei za sokoni. Tuseme maji, kibarua na ulinzi wa kila mita ya mraba hugharimu shilingi 6,000 kwa mwezi. Mche mdogo hukaa kitaluni miezi 3:

6,000 × 3 ÷ 100 = shilingi 180.

Mche ukihamishwa na kukaa miezi 9 zaidi katika nafasi kubwa, huongezeka:

6,000 × 9 ÷ 25 = shilingi 2,160.

Jumla ni shilingi 2,340, yaani mara 13 ya gharama ya mche mdogo, ingawa nafasi yake ina upande uliozidi mara 2 tu. Nasi bado hatujahesabu udongo wala chombo kipya.

Miche inayokufa

Mbegu za mwashoki, mti ambao asili yake ni India na Sri Lanka, hupoteza uhai upesi. Zisipopandwa zingali mbichi, nyingi hazioti. Bogenvilia, yenye asili ya Amerika ya Kusini, ina aina nyingi za bustani zisizozaa mbegu. Hizo huoteshwa kwa vipandikizi vya matawi, na baadhi huoza kabla ya kutoa mizizi. Tuseme kikundi cha vijana kimetumia shilingi 300,000 kuandaa viriba 1,000. Wakigawanya kwa 1,000, wataona kila mche umewagharimu shilingi 300, nao wataridhika kuuza kwa shilingi 450. Lakini kama iliyofikia kuuzwa ni 500 tu, kila mmoja umewagharimu shilingi 600. Wanapata hasara ya shilingi 150 kwa kila mche, huku wakiamini kwamba wanapata faida. Kosa lao ni moja: wamegawanya kwa idadi ya miche iliyopandwa badala ya idadi ya miche iliyouzwa.

Mche usiouzwa

Bidhaa ya dukani ikikosa mnunuzi hukaa rafuni bila kudai chakula. Mche hauko hivyo. Kila siku hunywa maji na kukalia nafasi ambayo ingelelea mwingine. Ukikawia mno, mizizi yake hujizungusha ndani ya chombo, na baada ya kupandwa huenda usistawi. Ndiyo maana mkulima hodari huanza hesabu yake mwishoni. Hujua kwamba wanunuzi wengi huja mvua za masika na za vuli zinapokaribia, kisha hurudi nyuma miezi inayotakiwa ili apate siku ya kupanda mbegu.

Lipo pia suala la ardhi. Vitalu vingi vya mjini vimo katika hifadhi ya barabara. Hapo wateja ni wengi, lakini mkulima hana hati, na barabara ikipanuliwa hulazimika kuhama. Miche mikubwa, iliyomeza fedha nyingi, ndiyo iliyo migumu kuhamishwa. Kwa mkulima wa namna hiyo, kuuza miche midogo kwa haraka kwaweza kuwa busara kuliko kungojea bei kubwa.

Kazi kwa shule

Shule yenye eneo dogo na maji ya kutosha yaweza kuyajaribu haya. Wanafunzi wapande miche 100, wapime nafasi, waandike gharama za kila juma na idadi ya miche iliyokufa. Mwisho wagawanye jumla ya gharama kwa idadi ya miche iliyo tayari kuuzwa, ndipo wapange bei. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Na kitaluni mali hiyo huisha huku ikiendelea kuchanua.