Petroli Inayolala Msimu Mzima: Jinsi ya Kuitunza kwa Usalama wa Mashine na wa Nyumba

Kila mwaka mvua zinapoanza kunyesha mwezi wa Novemba, pampu nyingi za kumwagilia bustani huondolewa kando ya visima na malambo na kuwekwa stoo. Hukaa huko hadi mvua zitakapokatika, mwezi wa Aprili au Mei. Katika muda huo wote petroli iliyoachwa ndani ya tenki huendelea kubadilika: hupoteza nguvu, hujenga utando na pengine hukusanya maji. Mwenye pampu anapoitoa stoo ili aanze bustani ya kiangazi, huvuta kamba mara kumi, mara ishirini, na mashine haiwaki. Fundi huitwa, kabureta hufunguliwa, na fedha iliyotengwa kwa ajili ya mbegu huishia kwenye matengenezo.

Hasara hiyo inaweza kuepukwa bila gharama kubwa. Iko hasara nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya moto unaoanzia kwenye dumu la petroli lililowekwa ndani ya nyumba ya kulala. Makala haya yanaeleza mambo hayo mawili kwa wakazi wa Kata ya Tura wanaotumia pampu, jenereta, pikipiki, misumeno ya mnyororo na mashine nyingine ndogo.

Kwa nini petroli huhifadhiwa majumbani

Tura imezoea mizigo inayotoka mbali. Misafara ya zamani kutoka pwani ilipita Ugogo, ikavuka pori kame la Mgunda Mkali, ndipo ikafika Tura, lango la mashariki la Unyamwezi. Richard Burton na John Speke walipita njia hiyo mwaka 1857 wakielekea Kazeh, karibu na Tabora ya leo. Henry Stanley naye akapita mwaka 1871. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ulihama kutoka kichwani mwa mpagazi kwenda kwenye behewa, lakini umbali ulibaki palepale. Mkazi anayeishi mbali na kituo cha mafuta hununua petroli ya siku nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo suala la chombo gani kitumike, kiwekwe wapi na kwa muda gani linamhusu kila mwenye mashine.

Jinsi petroli inavyoharibika

Petroli ni mchanganyiko wa vimiminika vingi. Vilivyo vyepesi hugeuka mvuke upesi, na hivyo ndivyo vinavyoiwezesha mashine baridi kuwaka kwa urahisi. Dumu likiachwa wazi au likifungwa vibaya, vile vyepesi hutoka kwanza, na kinachobaki huwa kizito na kigumu kuwaka. Wakati huohuo hewa iliyomo ndani ya chombo huungana na petroli na kuzalisha gundi ya rangi ya kahawia. Gundi hiyo hushika kwenye vitundu vyembamba vya kabureta, ambavyo baadhi yake havipitishi hata sindano, na kuviziba.

Joto huharakisha mambo yote hayo. Petroli safi isiyo na ethanoli, iliyofungwa vizuri na kuwekwa penye ubaridi, huweza kukaa miezi sita au zaidi. Petroli hiyohiyo ikiachwa ndani ya tenki la pampu lenye mfuniko unaopitisha hewa, chini ya bati linalochomwa na jua, huanza kuharibika baada ya wiki chache.

Ethanoli na tatizo la maji

Katika nchi nyingi petroli huchanganywa na ethanoli, yaani kilevi kinachotengenezwa kwa kuchachusha molasi ya miwa, mahindi au mazao mengine, kisha kukaushwa maji. Zimbabwe ilianza mwaka 1980 na Malawi mwaka 1982, zote kwa kutumia miwa. Kenya nayo iliwahi kuuza petroli ya namna hiyo katika miaka ya 1980. Nchini Marekani sehemu kubwa ya petroli huwa na asilimia 10 ya ethanoli, na nchini Brazil kiwango kinazidi robo ya mchanganyiko. Mchanganyiko huo hupunguza kiasi cha mafuta kinachoagizwa kutoka nje na huwapatia wakulima soko. Gari linalojazwa na kutumiwa kila siku halipati shida nao.

Shida huipata mashine ndogo inayokaa muda mrefu bila kufanya kazi. Petroli tupu na maji havipatani: tone la maji likiingia, huzama na kutulia chini. Ethanoli hupatana na vyote viwili, hivyo huvuta unyevu kutoka hewani na kuuficha ndani ya mafuta. Lita moja ya petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli huweza kubeba takriban mililita 5 za maji, sawa na kijiko kimoja cha chai, bila dalili yoyote kuonekana. Maji yakizidi hapo, au ubaridi wa usiku ukiongezeka, mchanganyiko hukatika ghafla. Ethanoli huiacha petroli, hushikana na maji na kuzama hadi chini ya tenki, mahali penye bomba linalopeleka mafuta kwenye kabureta. Mashine basi hunyweshwa maji na kilevi, na petroli iliyobaki juu huwa imepungukiwa ubora.

Ethanoli pia hulainisha na kupasua baadhi ya mipira na plastiki za mashine za zamani, na maji yanayoandamana nayo hutia kutu tenki la chuma na kula bakuli la kabureta. Aidha, nguvu iliyomo ndani ya lita moja ya ethanoli ni kama theluthi mbili ya ile ya petroli. Ndiyo maana mchanganyiko wa asilimia 10 hupunguza mwendo wa mashine kwa takriban asilimia 3 kwa kila lita.

Kipimo ambacho mkazi anaweza kukifanya

Ethanoli haionekani kwa macho wala haitambuliki kwa harufu ikiwa ndani ya petroli. Hata hivyo, kipo kipimo rahisi. Huhitajika chupa nyembamba ya kioo iliyo angavu na yenye mfuniko, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano. Kazi hii hufanyika nje, mbali na moto na watoto, na bila kuvuta sigara.

Kwanza hutiwa mililita 10 za maji, na alama huwekwa mahali maji yalipofika. Kisha huongezwa mililita 90 za petroli. Chupa hufungwa, hutikiswa kwa upole, mfuniko hulegezwa kidogo ili mvuke utoke, na chupa huachwa itulie kwa dakika kumi. Maji yakibaki kwenye alama ileile, petroli haina ethanoli. Tabaka la chini likipanda juu ya alama, ethanoli imo. Chupa hiyo haitumiki tena kwa chakula au kinywaji.

Kipimo hiki hakigundui mafuta ya taa. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulienea nchini kiasi cha Serikali kupandisha kodi ya mafuta hayo mwaka 2011 ili kuuondolea faida. Mashine inayotoa moshi usio wa kawaida, kugonga na kukosa nguvu mara tu baada ya kujazwa mafuta mapya isimamishwe, na mafuta hayo yasiendelee kutumiwa.

Chombo na mahali pa kukiweka

Petroli ihifadhiwe katika dumu lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta, la chuma au la plastiki nene, lenye mfuniko usiovuja. Chupa za maji ya kunywa na za soda hazifai hata kidogo: plastiki yake ni nyembamba, na mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Mtu aliyemeza petroli asitapishwe wala asipewe maziwa ili atapike, kwa sababu petroli inayorudi juu huweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa sababu hiyohiyo, kunyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira ni desturi ya kuachwa.

Dumu lisijazwe hadi pomoni. Petroli hutanuka kwa joto: dumu la lita 20 likipata nyuzi 20 zaidi za joto, mafuta yaliyomo huongezeka kwa karibu lita 0.4. Nafasi ndogo ikiachwa juu, dumu halitapasuka. Wakati wa kujaza, dumu liwekwe chini ardhini wala si juu ya pikipiki, ili kuepuka cheche. Baada ya kujaza, tarehe iandikwe ubavuni, na mafuta ya zamani yatumike kabla ya mapya. Ni busara kununua kiasi kinachokwisha ndani ya mwezi mmoja.

Mahali pa kuweka dumu ni nje ya nyumba ya kulala, penye kivuli na hewa inayopita, mbali na jiko, bani la kukaushia tumbaku na ghala la mazao. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika ubaridi mkali kuliko wowote unaopatikana Tura. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kuufikia moto ulio chumba kingine. Kibatari au jiko la mkaa lililo mbali na dumu linaweza kuwa ndicho chanzo cha ajali.

Kuilaza mashine kabla ya mvua

Pampu au jenereta itakayokaa zaidi ya mwezi mmoja itolewe mafuta yote ikiwa imepoa. Koki ya mafuta hufungwa, kisha mashine huwashwa na kuachwa hadi izimike yenyewe. Skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta hulegezwa ili matone yaliyobaki yatoke. Baada ya hapo plagi hufunguliwa, kijiko kimoja cha oili safi hutiwa kwenye tundu lake, kamba huvutwa polepole mara mbili, na plagi hurudishwa. Petroli iliyotolewa, ikiwa bado ni mpya na safi, hutumika kwenye pikipiki. Isimwagwe ardhini wala karibu na kisima, kwa kuwa kiasi kidogo tu hutosha kuyafanya maji yasinyweke.

Yako madukani madawa ya kutunza petroli. Hayo husaidia kuchelewesha gundi endapo yatatiwa katika petroli mpya, na mashine ikaendeshwa dakika chache ili dawa ifike kwenye kabureta. Hayawezi kuifufua petroli iliyokwisha kuharibika, wala kurudisha pamoja mchanganyiko uliokatika kwa maji. Kuongeza spiriti au pombe kali ya kienyeji hakusaidii pia. Pombe hiyo ina maji mengi na huzidisha tatizo. Kwa mashine zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, kama misumeno ya mnyororo, mchanganyiko utengenezwe kidogokidogo, wa kutosha kazi ya wiki chache.

Moto ukitokea

Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka na watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Petroli iliyomwagika, iwe ya lori au ya dumu moja, haisogelewi. Watu huondolewa na kila moto ulio karibu huzimwa.

Moto wa petroli haumwagiwi maji, kwani petroli huelea juu yake na moto husambaa. Ukiwa mdogo, hufunikwa kwa mchanga mkavu au kuzimwa kwa kizimamoto cha unga. Ukishakua, kilicho muhimu ni kuokoa watu na kupiga simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Kwa kuwa msaada hutoka mbali, ndoo ya mchanga iliyowekwa tayari kando ya stoo ndiyo kinga ya kwanza ya kaya.

Ununuzi halali

Biashara ya petroli husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kwa mujibu wa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Kuuza petroli kwenye chupa na madumu bila leseni ni kosa. Wanaotaka kuifanya biashara hiyo kwa halali wanaweza kuomba leseni ya kituo cha mafuta cha kijijini, ambacho masharti yake yamelegezwa kuliko ya vituo vya mijini. Mnunuzi adai risiti kila mara. Bila risiti, malalamiko kuhusu mafuta mabovu hukosa ushahidi.

Mkazi anayehitaji maelekezo zaidi, au aliyeona petroli ikihifadhiwa kwa namna inayohatarisha majirani, afike kwa Mtendaji wa Kijiji au Afisa Mtendaji wa Kata. Mashine zilizo bado na mafuta ya msimu uliopita zikaguliwe sasa, kabla ya mvua za kwanza.